Boma la Kompyuta

Asubuhi ile chai ilimshinda Nyanjige. Kristofa, meneja mauzo wa kampuni iliyokuwa ikiunganisha kompyuta kule Dar, alikuwa ameshuka Bariadi jana yake, na haikuhitaji mganga kujua kilichomleta. Kampuni ilikuwa imetoa mashine za bei chee na kuanza kuziuza yenyewe: mteja anapiga simu, analipia benki, kompyuta inapakiwa kwenye basi. Wakala wa nini tena? Na wakala ndiye Nyanjige. Aliacha ualimu kwa ajili ya duka lake la kompyuta, akameza maneno ya mashemeji, na sasa lilikuwa linamponyoka hivi hivi anaona.

Soko huria, walisema. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, kila mmoja alitaka kompyuta mezani, na Nyanjige akanawiri. Soko hilohilo sasa lilitaka kumla. Iliuma, asikwambie mtu.

Kristofa alikuwa ndiyo kwanza ameketi, anakohoa kile kikohozi cha mwenye habari mbaya, mlangoni akatokea mzee Machibya, mnunuzi wa pamba kutoka Kasoli, amekumbatia kompyuta kama ndama mgonjwa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Kisukuma, akimwita mama. "Mnyama wako amezimia."

Nyanjige aliitazama. Ilikuwa ya bei chee, iliyokuja na basi. "Mwangaluka, baba. Lakini hii hukuinunua kwangu."

"Si ni za boma lako zote? Ng'ombe niliyemnunua akiugua, namrudisha kwenye boma alikotoka. Ng'ombe hapigiwi simu."

"Namba yetu ipo kwenye boksi, mzee," Kristofa alisema kwa upole.

"Nimeiona. Ila mimi nikikasirika, kijana, nataka kumwona ninayemkasirikia."

Nyanjige alicheka, hofu yote ile na bado akacheka. Akamuuliza mzee alikuwa anaitunzaje. Vizuri mno, alijibu: pamba ikipimwa vumbi hutimka, kwa hiyo huivisha gunia ikiwa inafanya kazi.

"Umeinyima pumzi, baba. Imepata joto." Ilikuwa imepoa njiani. Akaichomeka umeme, ikawaka.

Kristofa alichungulia nyuma ya kaunta. Zilikuwepo nyingine za aina ileile, mojawapo kutoka kijiji cha Sola. "Hizi nazo tumeziuza sisi?"

"Nyie. Wenyewe wananiletea mimi. Niwafukuze?"

Meneja alizihesabu kwa kidole, moja moja. "Dada, nilikuja kukuondoa. Sitafanya hivyo. Bei itabaki ileile ya chini, na wateja watapiga simu kama sasa. Ila mashine zishukie hapa, uziwashe mbele ya mnunuzi, na kwa kila moja upate fungu lako. Dar nitawaeleza mwenyewe."

Nyanjige alikaa juu ya boksi. Furaha ilimpanda hadi ikamtoka machoni, wala hakujisumbua kuificha.

Mzee Machibya, ambaye mambo ya mawakala hayakumhusu, alishtuka. Akaweka mkono juu ya kompyuta yake.

"Usilie, mayu," alimbembeleza. "Si imeshapona?"

"Imepona, baba," Nyanjige alisema. "Imepona kabisa."