Oui ya Jaël

Mama Ricky, yule muuza makala, yaani mkaa, wa mtaa wa Kikula hapa Likasi, anaapa kwamba aliona kwa macho yake. Kule Lubumbashi, jirani na dada yake, kulikuwa na mtoto wa SS, ule ugonjwa wa damu wa selimundu unaoumiza mifupa. Wakampeleka kwa madaktari wanaojaribu dawa mpya. Wakamkalisha kwenye kiti kama mtu mzima. Hawakumuuliza baba wala mama, walimuuliza mtoto mwenyewe, naye kwa utamu wa biskuti akasema oui, yaani ndiyo. Tangu siku ile, anasema Mama Ricky, damu ya yule mtoto si ya ukoo wake tena. Inapanda ndege kwenda Ulaya.

"Na mutoto alipona?" Émilienne, mteja wake, akauliza.

"Eh, Mama Jaël! Minye nakuambia damu inapanda ndege, weye unauliza kama alipona?" Mama Ricky akapiga makofi, vumbi jeusi likaruka. "Alipona kidogo. Anacheza mupira. Lakini ile haiko kintu ya kufurahia!"

Émilienne hakubishana naye. Alijitwika makala yake, akamshika mwanawe Jaël mkono, wakarudi nyumbani. Katika maneno yote yale alibaki na moja tu: yule mtoto anacheza mpira.

Maana Jaël wake hachezi. Vidonge wanavyopewa watoto wote wa SS alikuwa anavimeza bila kukosa, na bado maumivu yalimrudia. Ikifika baridi vidole vinavimba, analazwa, anaongezewa damu, anatoka, anarudi. Mwishowe daktari wao aliwaambia wazi: dawa zilizopo hapa zimeshindwa. Kuna wenzake wanakuja kutoka Lubumbashi na dawa ambayo bado inajaribiwa. Wanapokea watoto wa Likasi mpaka Ijumaa, kisha basi. Ambroise, baba yake Jaël, alikuwa machimboni upande wa Kambove. Alikubali kwenye simu kabla hata hajamaliza kuelezwa.

Kwa hiyo Alhamisi, akimsuka nywele, Émilienne alimfundisha mwanawe vile watoto wanavyofundishwa wimbo wa Noeli.

"Docteur akiuliza, unasema nini?"

"Oui, docteur."

"Kwa sauti."

"OUI, DOCTEUR!"

"Na usiangalie chini."

Jaël akacheka, kichwa kikamponyoka mama yake mikononi. "Mama, ni kama nasema amen ya chakula mbele ya kuona bukari kwa sahani."

Ijumaa wakaingia kwa Dokta Magloire, mmoja wa wale wa Lubumbashi, mwanaume mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alizungumza kwanza na mama, akamweleza yote, Émilienne akakubali. Halafu akageuza kiti chake, akamkabili mtoto.

"Mama, sasa unyamaze kidogo. Jaël, hii dawa hatujue bado kama inasaidia. Batoto bengine batapewa dawa yenyewe, bengine kinini, kidonge ya kufanana nayo tu, haina dawa ndani. Hata minye sitajua weye uko na gani. Zile kinini zako za kila siku utaendelea nazo. Kila mwezi tutakutoa damu. Ukikataa, tutakutunza tu kama zamani. Ukikubali, halafu ukachoka njiani, unasema, unatoka, na hakuna atakayekukasirikia. Unakubali?"

Émilienne akangoja. Jaël hakuangalia chini, vile alivyofundishwa. Alimwangalia daktari usoni, akasema:

"Mama alinifundisha niseme oui."

Uso wa Émilienne ukawaka moto. Dokta hakucheka wala hakukemea. Alifunika kalamu yake.

"Basi hiyo ni oui ya mama, nimeshaipata. Muende mukae inje kidogo. Mukirudi, nataka ya kwako."

Nje kulikuwa na benchi ukutani, na mwanamke anayeuza mikate ya mafuta. Émilienne alimnunulia mtoto, akakaa, hasira zikampanda.

"Weye mutoto! Bantu banatoka Lubumbashi mupaka huku, na weye unanihaibisha..."

Akakatiza maneno. Jaël alikuwa amenyoosha mkono kupokea mkate, na pale kwenye kiwiko, upande wa ndani, yalionekana madoa ya sindano, mapya juu ya ya zamani. Émilienne aliujua mkono ule. Kila wakitafuta mshipa, yeye ndiye aliyeubana. Manesi walimsifu: hakuna mama anayeshika vizuri kama Mama Jaël. Mtoto husema, "Inatosha, mama," naye hujibu, "Bado kidogo." Kila mara, bado kidogo.

Hadithi ya ndege aliicheka moyoni tangu alipoisikia. Lakini kuhusu mtoto kuulizwa, Mama Ricky hakusema uongo. Na yeye Émilienne, nani aliwahi kumuuliza? Utotoni mwake, shule ilipoishia darasa la sita aliambiwa tu, akakunja sare yake.

"Mama," Jaël akasema, mdomo umejaa, "nitasema oui."

Émilienne akageuka kumtazama.

"Ya kwangu. Na minye nataka kucheza mupira, kama ule mutoto wa hadithi ya Mama Ricky." Akameza. "Docteur alisema nikichoka naweza kutoka."

"Alisema."

"Ye ataniacha. Na weye?"

Émilienne akamfuta mafuta mdomoni.

"Siku nitasema inatosha, usinishike mukono. Unipe ahadi."

Mama akatazama viganja vyake, viking'aa mafuta ya mikate. Akiahidi, itafika siku, labda dawa yenyewe ndiyo kwanza inaanza kushika, mtoto atasema inatosha, naye atalazimika kumrudisha nyumbani kuingoja baridi. Asipoahidi, oui ile inapotea hapa hapa benchini.

Mlango ukafunguka. Dokta Magloire akasimama pale, hakuita mtu, akangoja.

"Mama," Jaël akasema. "Unipe ahadi."