Risasi Ambayo Haijatua

Jumanne asubuhi, saa tatu na robo, Inspekta Muchiri wa ofisi ya leseni za bunduki mjini Eldoret alichovya mandazi kwenye chai, akangoja yalainike, akayala, kisha akapiga muhuri ombi la Mama Chepngetich wa Timboroa. Mama huyo alilima shayiri na njegere kando ya msitu, na pongo, wale swala wa msituni wenye madoa, walikuwa wanamaliza njegere. Bunduki ndogo alikuwa nayo tayari. Ila risasi zake, aliandika, ziliwajeruhi tu wanyama, wakaenda kufia vichakani baada ya siku nzima ya kulia. Sasa aliomba bunduki ya mtutu mpana, yenye nguvu ya kuangusha nyati. Fomu ilikuwa na swali: risasi ikimpita mnyama, itaishia wapi? Mama Chepngetich alijibu, "Mbele." Inspekta aliona jibu linatosha.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, Mama Chepngetich alimpiga pongo mmoja kulipopambazuka. Pongo alianguka papo hapo. Risasi ilitokea upande wa pili, ikapenya nguzo ya ua, na kuanzia hapo ikapunguza mwendo hadi ule wa ng'ombe anayekula nyasi. Lakini haikuanguka. Ilishika njia ya Eldoret, kimo cha kifua cha mtu mzima, ikijizungusha na kuvuma kama nyuki.

Siku ya kwanza ilitoboa tangi la maji na ghala la mahindi. Siku ya pili iliua ng'ombe wa maziwa aliyekuwa amefungwa kwenye kigingi. Watu wa mji wa Burnt Forest waliiwekea ukuta wa magunia ya mchanga, ikaingia, na baada ya muda ikatoka ikiwa na vumbi kidogo. Basi wakaanza kuwapigia simu walio mbele, jamaa kwa jamaa, kuwaambia itafika saa ngapi.

Namalwa alipigiwa simu Jumamosi akichambua maharagwe mlangoni pake Langas, mtaa wa Eldoret. Yeye na mumewe Sifuna walikuwa wametoka Bungoma miaka kumi na moja iliyopita. Sifuna alipakia mbao kwenye kiwanda cha kupasua miti. Chumba chao kilikuwa cha kwanza katika plot ya vyumba vya kupanga, na nyuma yake kulikuwa na safu za vyumba vya mabati, na ndani yake mama aliyejifungua juzi, mzee asiyesikia, na watu wengi ambao Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kulala. Namalwa aliacha maharagwe, akaenda mjini kwenye ofisi ya leseni.

"Afande, naomba mfute hiyo leseni kabla risasi ifike," alisema.

"Mama, leseni ni ya bunduki," Inspekta Muchiri alimjibu kwa upole. "Bunduki iko Timboroa, imefungiwa kwa kabati, kila kitu kiko sawa. Sasa nikifuta leseni, risasi itasimama?"

"Sijui."

"Haitasimama. Na mimi naandika tukio likitokea. Hii risasi bado iko njiani. Haijatua. Kwa hivyo hakuna tukio."

"Na ile ng'ombe?"

"Ng'ombe ni mambo ya idara ya mifugo."

Akamwita mtu amletee Namalwa kiti.

Jumapili saa nne risasi ilionekana ikivuka shamba la nyuma ya mtaa. Wengine walitoa watoto na magodoro, wengine hawakuwahi. Sifuna alilowesha gunia, akalikunja mara nne, akatoka kuilaki. Aliishika kwa mikono miwili. Ilimburura, lakini alikuwa amebeba magogo maisha yake yote na alijua kwamba kitu kisichosimamishika kinaweza kugeuzwa ukikiegemea. Aliegemea. Risasi ikapinda, ikapita kando ya ukuta wao kwa umbali wa mkono mmoja.

"Sasa iachilie!" Wabuge, jirani yao, alimwambia.

"Niiachilie wapi?"

Wabuge alitazama huku na huku. Upande mmoja palikuwa na shule, mwingine soko, mwingine mahema ya kanisa. Alipotazama mbali zaidi aliona moshi wa majiko ya watu. Sifuna aliendelea kuegemea, na kwa kuegemea hivyo akaanza kuzunguka shamba lile.

Jioni Namalwa alimletea ugali na sukuma. Alitembea kinyumenyume mbele yake, akimega na kumtia matonge mdomoni. Siku ya tatu Wabuge alijaribu kumpokea. Risasi ilimchomoka, ikatoboa kuta mbili na sufuria kabla Sifuna hajaikimbilia. Baada ya hapo hakuna aliyejitolea tena, wala Sifuna hakumwomba mtu. Alijifunza kulala akitembea, kichwa begani mwa mkewe, dakika ishirini hivi. Kiwandani walimweka mtu mwingine mahali pake. Mvua ilikuja, ikaisha. Njia yake ikawa ngumu kama sakafu, na wenye bodaboda waliokatiza hapo walipunguza mwendo wakamsalimia.

Mwaka ulipotimia, Namalwa alisikia kwamba leseni ya Mama Chepngetich inafanywa upya. Alipeleka barua yenye sahihi mia moja na tisa. Inspekta aliisoma yote, pamoja na majina.

"Mama, mwaka mzima hakuna mtu ameumia," alisema. "Hiyo ni rekodi safi kabisa. Nitamkatalia kwa sababu gani?"

"Hakuna ameumia kwa sababu bwana yangu ameishika!"

"Najua. Tunamshukuru sana. Mwambie hivyo."

Akapiga muhuri. Halafu, kwa sauti ile ile, akamweleza kwamba wakulima wengine wanne wa kule wameomba bunduki kama hiyo, na kwa kuwa ya kwanza haijaleta shida, amewapitisha. Namalwa alitaka kupiga kelele. Alimuaga Inspekta, akateremka ngazi.

Alimkuta Sifuna upande wa mbali wa shamba, amekonda, viatu vimefunguka mbele. Akaanza kutembea kando yake.

"Wamesema nini?"

"Wamesema asante."

Sifuna alitembea kidogo. "Hawakusema mpaka lini?"

Namalwa alitazama upande wa Timboroa. Mbingu ilikuwa safi, na kutoka mbali huko mtu angeweza kudhani anasikia kitu kinavuma.

"Pita kwa nyasi," alimwambia. "Hapo mbele kuna matope."