Jenerali Aliyegeuka

"Ulimweka karibu na jiko," Aubin alisema kwa mara ya tatu. "Joto ndilo lililomharibu."

"Joto huchachusha maziwa, kaka. Halimgeuzi jenerali," dada yake Ghislaine akamjibu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nao wamesimama nyuma ya meza yao kwenye mnada wa vitu vikuukuu, hatua chache kutoka mnara wa kumbukumbu ya vijana wa kijiji waliokufa katika vita vya 1870. Albamu ya marehemu mama yao ilikuwa wazi. Tangu Ijumaa, jenerali kwenye kadi yake ya picha alikuwa amewapa mgongo. Masharubu na nishani ambazo ukoo mzima ulizijua havikuonekana tena. Kilichoonekana ni upara mdogo na mikono aliyoifumbata nyuma.

Bibi wa bibi yao alimnunua dukani, kama watu walivyonunua picha za wakubwa enzi hizo. Kila dirisha la albamu lilibeba kadi mbili, mgongo kwa mgongo, na nyuma ya jenerali bibi huyo aliificha picha ya kaka yake mwenyewe, Firmin, askari aliyepigwa risasi kwa kutoroka jeshi. Sasa jenerali alikuwa akimtazama Firmin.

Meya, Bwana Coutelle, aliyekusanya kadi za maofisa, alifika akainama.

"Mimi nataka nyuso," alisema. "Visogo naviona vya kutosha kwenye baraza."

"Basi tazama mikono, Bwana Meya. Ameshika nini?" Ghislaine akampa kioo cha kukuzia.

Meya akasoma bila haraka. Ilikuwa hati ya ruhusa ya siku sita kwa askari Firmin Charrault, Desemba 1870, yenye saini ya jenerali mwenyewe.

"Kwa hiyo hakutoroka," Ghislaine alisema.

"Hakutoroka. Alikwenda kwao kwa ruhusa." Meya akarudisha kioo. "Lakini faili lilishafungwa, Bi Charrault. Mnara ni wa waliokufa kwa heshima."

"Tumeomba mara tatu jina lake liandikwe hapo, dada," Aubin alisema. "Achana nayo. Muuzie hicho kisogo twende tukale."

Ghislaine akafunga albamu, akaitia mkobani. Akanunua kopo la rangi nyeusi na brashi meza ya jirani, akapiga magoti mbele ya mnara, akaandika chini ya jina la mwisho: FIRMIN CHARRAULT. Aubin alimshikia kopo.

Meya alingoja Ghislaine amalize herufi ya mwisho, kisha akapiga simu kumwita mtu aje kuusugua mnara kabla ya chakula cha mchana.