Ndiyo ya Bathsheba

Kila Sabato, hata matangazo ya harusi na vilio yakiisha, waumini wa kanisa la Manga hawakuinuka. Walijua bado. Karani wao, Bathsheba, alikuwa hajasema ya simu.

Haki yake tumpe. Aliposema, "Mtu akikupigia akuombe namba ya siri, huyo ni mwizi, hata akikutaja kwa jina la ubatizo," aliwaokoa wengi. Mzee Machogu alikuwa ameshaanza kuitaja yake alipokumbuka onyo hilo, akakata simu. Tangu siku hiyo Bathsheba akavimba kichwa. Kila onyo lililoingia kwenye simu yake, la kweli na la kubuni, alilisoma kwa sauti ile ile. Pumba na mchele akavipika sufuria moja.

Ndipo likaja lile la "unanisikia?" Ati ukipokea namba ngeni na sauti ikuulize hivyo, usijibu ndiyo, wanainasa ndiyo yako, na kwa ndiyo hiyo wanafungua kila kitu chako. "Wanauliza hata kwa Kigusii chetu," aliongeza, chumvi hiyo akiitia mwenyewe. Hakuna aliyecheka, ingawa mtandao wa simu wa mlima ule wa Manga kila mtu anaujua. Huwezi kumsalimu mtu wa Manga kwa simu kabla hujamuuliza mara mbili tatu kama anakusikia.

Alhamisi moja, akichuma chai, simu ililia. Namba ngeni. Akapokea na kunyamaza, kama alivyowafundisha wengine. Upepo, mkwaruzo, kisha sauti nyembamba ya mwanamke anayehema, kwa Kigusii: "Unanisikia?"

Bathsheba akabana midomo.

"Unanisikia? Jamani, unanisikia?"

Akakata. Akaifungia namba ile isimpate tena, akarudi kwenye michai yake akijisifu. Jioni, kwenye kituo cha kupimia majani, aliwasimulia wenzake nao wakampa mkono.

Kesho yake shemeji yake alifika kwa bodaboda, maana habari kama ile haipigwi simu. Gesare, mdogo wake aliyeolewa Nyamarambe, alikuwa amefariki.

Siku ya mazishi, Valentine, jirani wa Gesare, alimvuta Bathsheba kando, nyuma ya jiko.

"Pole, mama. Lakini kuna kitu inanisumbua. Simu yake ilikuwa imeharibika, akakupigia na yangu tukingoja gari ya kumpeleka hospitali. Alikuwa anataka umwombee, asikie tu sauti yako. Akauliza, unanisikia, unanisikia. Halafu ikakata. Nikijaribu tena, haiingii. Nikamwambia ni hii mtandao ya Manga."

"Akasema nini?"

"Akasema, basi, dada hanisikii."

Bathsheba angeweza kuitikia kwamba ni kweli, mtandao wa kule ni mbaya. Uongo ulikuwa umeshapikwa na mwingine, yeye ni kula tu. Haukumpita kooni.

"Nilimsikia," alisema. "Nilimsikia vizuri kabisa."

Valentine alimtazama, akainamisha kichwa. Alilia Bathsheba siku hiyo kuliko alivyowahi kulia, na waombolezaji wakasema kweli damu ni nzito.

Sabato iliyofuata alisimama kanisani akasema kwamba lile la "unanisikia?" lilikuwa uvumi mtupu, mwizi wa kweli hataki ndiyo yako, anataka namba yako ya siri. Mtu mmoja nyuma akauliza amejuaje. Bathsheba alikunja karatasi ya matangazo, akaketi.

Chai ilikuwa imechipua tena simu ilipolia kwa namba ngeni nyingine, naye yuko shambani.

"Hujambo, mama? Unanisikia?" Sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyezoea kazi yake.

"Ndiyo," alisema Bathsheba. "Nakusikia."

Kijana akaeleza kuna hitilafu kwenye laini yake, amtajie namba ya siri amrekebishie.

"Hiyo sikupi, mwanangu."

Simu ikakatwa. Bathsheba alibaki nayo sikioni katikati ya michai, akisema kwa Kigusii ndiyo, nakusikia, ndiyo, na upande wa pili hapakuwa na mtu.