Kifungu cha Nne

Idara yetu ya maji ina wachapaji wawili: mimi, na yule aliyestaafu. Kwa hiyo madai ya chama cha wafanyakazi nilichapa mimi, na majibu ya mwajiri nikachapa mimi pia. Asubuhi mwenyekiti wa tawi, tunayemwita Kamanda, analeta karatasi yake: mfanyakazi ndiye uti wa mgongo wa taifa. Mchana mkurugenzi, Bwana Bajeti, analeta yake: mlipakodi amechoka kuwabeba watu wanaokunywa chai tangu saa tatu. Wiki tatu nzima walitukanana kwa vidole vyangu.

Ijumaa wakaingia pamoja, wanacheka kama mabwana harusi.

"Tumeelewana, binti yangu," Kamanda akasema. "Chapa upesi. Saa tisa waziri anasafiri, na asiposaini leo, Jumatatu ni mgomo."

Kifungu cha kwanza: nyongeza ya mshahara kwa waajiriwa wa kudumu. Cha pili: posho ya usafiri kwa viongozi wa chama, maana haki haitembei kwa miguu. Cha tatu: pande zote zinapongezana. Cha nne: ili kufidia gharama hizo, vibarua wote wataachishwa kazi mwisho wa mwezi.

Vibarua tuko sita. Mimi nina mwaka wa tatu. Niliwahi kuomba kujiunga na chama, nikajibiwa kwa upole kwamba nipate ajira kwanza, ndipo nitetewe nisiipoteze.

Shangazi wa usafi, kibarua kwa miaka kumi na moja, alikuwa akipiga deki mlangoni.

"Na sisi tumetajwa humo, mwanangu?"

"Tumetajwa, shangazi."

"Nilijua Kamanda hatatusahau." Akajifuta mkono kwenye kanga, akampa. Kamanda akaupokea, huku akichunguza dari.

Kwa ajili yangu ningenyamaza. Kunyamaza ndiyo fani yangu ya pili. Lakini ule mkono ulinishinda. Nikachapa vifungu vitatu, nikasimama.

"Cha nne chapeni wenyewe."

"Huo ni mgomo," Bwana Bajeti akasema.

"Tena haramu," Kamanda akamuunga mkono. "Kibarua hana haki ya kugoma."

"Sijagoma, mzee. Ni saa saba, naenda kula."

Niliporudi saa nane na nusu, mkurugenzi alikuwa kwenye kiti changu, kidole kimoja hewani, jasho likimtoka. Kamanda alikuwa akimtafutia herufi. Kwenye kioo cha kompyuta palisomeka VIBARUA WOTE WATAAA.

"Kaa, mwanangu," Bwana Bajeti akasema. "Andika kifungu cha nne kitajadiliwa mwakani."

"Na vibarua wenyewe wawepo mezani," nikasema.

"Hoja zote hupitia chama," Kamanda akanikumbusha.

"Basi chapeni kupitia chama."

Wakatazama saa. Wakatazamana. Bwana Bajeti akaondoka kwenye kiti.

Nilimaliza kwa dakika mbili. Wakasaini kwa kusimama, wakakimbia kumuwahi waziri, wakigongana mabega mlangoni.

Nikamvutia shangazi kiti. Nikamsomea kifungu kilivyokuwa mwanzo, kisha kilivyo sasa. Alisikiliza hadi mwisho, ufagio magotini, halafu akauliza mwakani ni lini hasa.