Mkanda wa Kisogoni

Miaka sita Sangwa alijifunza kudo, mchezo wa mapigano, kwa mwalimu Mugabo, katika ukumbi wa Kagugu. Mwalimu alimsimulia kila mwanafunzi mpya jinsi Mjapani mmoja, mcheza judo aliyehamia karate, alivyoona ngumi peke yake hazitoshi, akaziunganisha na kubwaga na kukaba, kudo ikazaliwa. Ngumi Sangwa alizijua. Kubwaga, tuseme ukweli, kulimpiga chenga.

Ndipo akaja Peace, aliyekulia Kampala, na judo yake ya miaka kumi. Miezi mitatu tu, mwalimu akawa hana wimbo mwingine: Peace onyesha, Peace rudia. Na tawi jipya la Gahanga lilikuwa linatafuta mkufunzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji huyu aliugua. Ugonjwa wake ulikuwa wivu.

Jumamosi mwalimu akataka Sangwa na Peace wapambane mbele ya wote, kisha amtaje mkufunzi. Kudo huchezwa na kofia ngumu yenye kioo mbele ya uso. Mkanda wake hufungwa kisogoni, na desturi ya Mugabo ni kwamba mpinzani wako ndiye anayekufungia. Peace akamgeuzia kisogo.

"Kaza vizuri, kaka."

Sangwa akauvuta mkanda, halafu, Mungu amsamehe, akaulegeza.

"Iko sawa," akasema.

Pambano lilipoanza, ngumi yake ya kwanza iliizungusha kofia ya Peace, kioo kikahamia sikioni. Ya pili ilikuwa imeshatoka. Ilitua puani, na damu ikachuruzika juu ya vazi jeupe.

Mwalimu akaukagua mkanda. "Mbona umefungwa hivi?"



"Kosa ni langu, mwalimu," alisema Peace, amebana pua. "Nilimwambia asikaze, ilikuwa inaniumiza."

Mwalimu akashusha pumzi. "Haya. Sangwa, Gahanga ni yako, tangu jana. Nilimpa huyu dada, akakataa, akasema oya, hapana, kuna kaka iko hapa miaka sita, hawezi kumruka."

Wanafunzi wakapiga makofi. Sangwa alikuwa amepata alichokitaka, na aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

"Mwalimu," akasema, "mkanda niliulegeza mimi. Makusudi."

Makofi yakakatika. Ukumbi mzima ulimkodolea macho, na Peace peke yake ndiye ambaye hakushangaa.