Kiatu Cheusi cha Shangazi

Kwa miezi mitatu Umeme hakupiga picha ya mtu. Alipiga kiatu. Chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha mguu wa kulia, cha ngozi nyeusi iliyopakwa rangi hadi ikametameta, na shangazi yake, mwenye studio, alikiweka mezani kila asubuhi kana kwamba anamtengea mtoto chai.

"Kimulike," alimwambia. "Nataka nikione kilivyo, si kinavyong'aa."

Umeme, aliyepewa jina hilo na majirani kwa sababu hasira zake hazikuwa na swichi, alikuwa na taa tatu, stendi tatu, moja ikiwa na mguu mfupi na kuyumba kama mlevi, na kiburi cha kuwatosha watu wanne. Kamera alijifunza mwenyewe, bila mwalimu wala cheti, na kwa shangazi alidhani anakuja kumalizia tu. Akakimulika kiatu kwa taa moja. Likatoka doa jeusi lenye kitone cheupe. Akaongeza taa ya pili: doa jeusi, vitone viwili. Ya tatu, vitatu.

"Umenipigia mende mwenye macho matatu," shangazi alisema.

"Si uniambie basi nifanye nini!"

"Nikikwambia utasikia. Mimi nataka uone."

Maneno ya namna hiyo yalimpandisha mori. Angekuwa mpishi huyu, alijisemea, watu wangekufa njaa wakiwa wameambiwa waitazame sufuria.

Yote hayo angeyavumilia kama si mama yake. Mama alikuwa matroni wa hospitali, na mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Kwenye ukuta wa korido kuu zilitundikwa picha za matroni sita waliomtangulia, na yake ilitakiwa ofisini Jumatatu. Asipopeleka, karani angekuza ile ya kitambulisho: kola nyeupe, macho mawili, na kati yake giza. Mama alikuwa mweusi wa ule weusi unaometa kama mpingo, na picha alikosana nazo tangu siku ya harusi yake, alipotokea shela na meno tu. Aliyeipiga ile ya harusi alikuwa shangazi huyuhuyu, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kamera ya kuazima. Mawifi hao waliichekea miaka yote, lakini ilikaa sandukuni. Ukuta haikuuona hata siku moja.

"Wifi alinizika siku ya harusi," mama alizoea kusema. "Sasa atanipiga mwanangu. Naye akishindwa, basi, karani atundike kitambulisho, yaishe."

Jumamosi saa nne asubuhi alifika, sare nyeupe imenyooka, vifungo vitano vimefungwa mpaka shingoni. Mkobani alikuwa na bahasha yenye ile picha ya kitambulisho, tahadhari kabla ya hatari. Akaketi. Shangazi akavuta kiti pembeni, akakunja mikono.

Umeme akawasha taa zote tatu, zikamkabili mama uso kwa uso. Picha ya kwanza: sare inang'aa kama sahani iliyooshwa, uso doa, na vitone kwenye paji, puani na mashavuni. Alivijua vitone hivyo. Akaongeza nguvu ya taa. Vifungo vikapotelea kwenye weupe, uso ukawa kijivu kama majivu. Akasogeza taa karibu. Mama akaanza kutoka jasho, na jasho likazaa vitone vipya.

"Nionyeshe."

"Bado, mama."

"Nionyeshe, wewe. Mimi nimeosha maiti, nitashtuka na kamera?"

Akatazama. Akamrudishia kamera polepole, na Umeme angependa atukanwe kuliko hivyo.

"Ileile," mama alisema. Akafungua mkoba, akaitoa bahasha.

Hapo Umeme akalipuka, na aliyelipukiwa ni shangazi. "Umeona? Miezi mitatu unanipigisha kiatu! Ungenipa nyuso, leo ningejua uso!"

"Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikwambia ufanye nini na kiatu?"

"Hukuniambia chochote! Ndiyo hilo ninalosema!"

"Nyamazeni nyote wawili," mama alisema. "Hapa si wodini, lakini nitawatoa nje." Akakinga macho kwa kiganja. "Hebu niulize swali la kijinga. Mbona taa zote zinanikodolea kama askari wa doria?"

"Kwa sababu wewe..." Umeme akasita.

"Mimi mweusi. Sema, kioo ninacho nyumbani."

"Uso wako unataka mwanga mwingi."

"Nani kakudanganya?" Mama akapandisha mkono wa sare. "Miaka thelathini na sita natafuta mishipa kwenye mikono kama huu. Wanafunzi wangu wote huja na kosa lako hilohilo. Mshipa hawauoni, wanaongeza tochi. Ukiongeza tochi, ngozi inakurudishia tochi yako mwenyewe. Lete simu."

Akawasha tochi ya simu, akailaza kando ya mkono hadi ikakaribia kugusa ngozi. Mshipa ukainuka kama kamba chini ya shuka.

"Mwanga uambae juu ya ngozi, usimgonge mtu usoni. Basi."

Umeme akautazama mkono. Kisha akakitazama kiatu mezani. Taswira ya mlango mweupe wa studio ilikuwa imelala ubavuni mwake kama utepe mrefu, na hapo tu, penye utepe, ndipo ungeweza kuona ngozi inavyopinda kuelekea kisigino. Miezi mitatu alikuwa akiuona utepe huo na kuuhesabu kuwa uchafu wa kufutwa kwa taa kali. Aibu ikamshuka hadi kwenye vidole, na nyuma ya aibu ikaja hasira nyingine, kali zaidi, kwa kuwa hii haikuwa na mtu wa kuangushiwa.

"Usiseme neno," akamwonya shangazi.

"Nimesema?" Lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Akazima taa mbili. Ya tatu, ile yenye mguu mfupi, akaigeuza ikampa mama mgongo, ikatazama shuka jeupe alilolining'iniza ubavuni pake, ili kinachommulika mama kiwe shuka, si taa. Stendi ikayumba, akailaani. Mara ya kwanza shuka lilikuwa mbali. Mara ya pili lilikuwa juu mno, mama akaota ndevu za kivuli. Mara ya tatu mama alipiga chafya. Mara ya nne shavu likaja: kutoka kipajini hadi taya, pamoja na kovu dogo chini ya jicho, na mikunjo ya mtu aliyecheka sana kwenye zamu ndefu. Vifungo vyote vitano vilikuwapo.

Mama akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Sikujua nimefanana naye hivi."

Shangazi akasogea, akaangalia, akaenda dirishani kupenga kamasi. "Wifi..."

"Usianze."

"Sikio la kushoto limezama gizani," Umeme alisema. "Halionekani kabisa. Kaa tena."

"Sikai."

"Mama, dakika mbili tu!"

"Wale sita pale ukutani, nani aliwaulizia masikio? Hii ndiyo ninayopeleka."

Umeme akasonya, akavuta shuka huku, akalirudisha kule, akinung'unika peke yake. Mama alikwisha fika mlangoni na mkoba wake.

"Wifi, bahasha yako!" shangazi akaita.

Mama hakugeuka. "Ikunjeni, muichomeke chini ya mguu wa hiyo taa. Inanitia kizunguzungu."

Shangazi akaikunja mara nne, picha ikiwa ndani, akaisukuma chini ya mguu mfupi. Taa ikatulia. Umeme hakutulia. Alikwisha kukipandisha kiatu kwenye kiti alichokalia mama, na alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto, akitafuta mwanga wa lile sikio lililozama.